Wuhsha dalali, Ben Yiju na chumba cha karatasi kuukuu

Wengi wetu historia ya Wayahudi tunaijua kwa ncha zake mbili. Ncha ya kwanza tuliipata chuoni au kanisani: Musa na Firauni, Bani Israili jangwani, Daudi, Suleiman. Ya pili tuliipata sekondari na kwenye taarifa ya habari: Hitler, kisha Israeli na Palestina. Katikati pana karibu miaka elfu mbili ambayo tumezoea kuipitia kwa pumzi moja: walitawanyika, wakateswa.

Nami nilikuwa hivyo hivyo, mpaka nilipokwenda kusikiliza mazungumzo ya hadhara ya mwanahistoria mmoja jijini London. Ukumbi mdogo wa maktaba, viti vya plastiki, chai ya bure, wasikilizaji wengi wao wazee. Mgeni alikuwa profesa mstaafu, mama aliyemaliza umri wake kusoma maisha ya Wayahudi wa nchi za Kiarabu. Ulipofika wakati wa maswali, mzee mmoja aliyekaa mbele alisimama akauliza kama katika historia hiyo yote kuna ukurasa hata mmoja usio wa kilio. Watu walicheka. Profesa hakucheka. Alianza kwa kumtaja Salo Baron.

Baron alizaliwa mwaka 1895 Tarnów, mji wa Galicia ambao leo uko Poland. Mwaka 1928, akiwa Marekani, aliandika makala akiwashutumu wanahistoria wenzake kwa kuigeuza historia ya Wayahudi kuwa orodha ya misiba. Alisema Myahudi wa Ulaya ya zama za kati, pamoja na vikwazo vyote alivyowekewa, mara nyingi alikuwa na nafuu kuliko mkulima Mkristo aliyefungwa kwenye shamba la bwana wake. Miaka miwili baadaye akapewa kiti cha historia ya Wayahudi katika Chuo Kikuu cha Columbia. Kisha vikaja vita, na Wanazi wakawaua wazazi wake na dada yake. Mwaka 1961 Baron alisimama Yerusalemu kama shahidi katika kesi ya Adolf Eichmann, afisa wa Kinazi, akaieleza mahakama ni ulimwengu gani ulioangamizwa. Hoja yake ya 1928 hakuifuta.

Hapo ndipo nilipokaa vizuri kitini. Mtu aliyepoteza ndugu zake kwa namna ile, halafu akaendelea kukataa kwamba maisha ya watu wake yalikuwa kifo tu, si mtu wa kupuuzwa. Lakini hoja ni hoja, ushahidi uko wapi? Profesa alijibu kwa kutupeleka Misri, kwenye chumba cha takataka. Na mimi tangu siku hiyo sijatoka humo.

Fustat ni mji mkongwe ambao sasa umemezwa na Cairo. Humo mna sinagogi ya Ben Ezra, iliyokarabatiwa na kufunguliwa tena mwaka 2023. Kwa desturi ya Kiyahudi, karatasi yenye jina la Mungu haitupwi wala haichomwi. Huwekwa kando mpaka izikwe. Sisi tuliokatazwa kuzungushia maandazi karatasi ya msahafu hatuhitaji kuelezwa zaidi. Sinagogi ile ilikuwa na chumba kisicho na dirisha, tundu lake liko juu, mtu anapanda ngazi ndipo anatumbukiza karatasi. Chumba cha namna hiyo huitwa geniza. Jambo la ajabu ni kwamba watu wa Fustat hawakuchambua. Walitumbukiza vitabu vya dini, na pamoja navyo barua, hesabu za duka, mikataba ya ndoa, talaka, kesi, wasia, orodha za maskini wanaogawiwa mkate, kurasa za watoto wanaojifunza alifu be ya Kiebrania. Kuzika wakawa hawaziziki. Hewa kavu ya Misri ikazitunza kwa takriban miaka elfu.

Habari ya kugunduliwa kwake imesimuliwa sana, nitaipita haraka. Mwaka 1896 mapacha wawili wa Kiskoti, wajane wote wawili, Agnes Lewis na Margaret Gibson, walirudi Cambridge na karatasi walizonunua safarini. Wakamwonyesha Solomon Schechter, mwalimu wa elimu ya marabi, akatambua kwamba moja ni sehemu ya kitabu cha Yoshua bin Sira kwa Kiebrania, lugha ambayo kwa karne nyingi kilikuwa hakijulikani kwayo. Kabla mwaka haujaisha Schechter alikuwa Cairo. Alirudi na shehena: hivi leo Maktaba ya Chuo Kikuu cha Cambridge ina vipande karibu 193,000 kutoka chumba kile, na vingine vingi vimetapakaa katika maktaba za dunia.

Schechter alikuwa akitafuta vitabu vitukufu. Hesabu za sukari na barua za wake wanaolalamika hazikumshughulisha sana, na mabaki mengi yalilala masandukuni kwa miongo. Aliyeyapa thamani ni Shelomo Dov Goitein, mtoto wa rabi, aliyezaliwa Bavaria mwaka 1900. Goitein alisomea Kiarabu na Uislamu. Tasnifu yake ilihusu sala katika Kurani. Baadaye alikaa miaka mingi akiwasikiliza Wayahudi wa Yemeni, namna wanavyosema na wanavyofanya kazi. Kwa hiyo alipoanza kusoma karatasi za Fustat alikuwa na sikio ambalo wengi hawakuwa nalo, maana barua nyingi ni za Kiarabu cha mtaani kilichoandikwa kwa herufi za Kiebrania. Alijaza kadi zaidi ya 20,000 kwa mkono wake, na kutoka kadi hizo akaandika kazi kubwa ya majuzuu matano kuhusu jamii ya Mediterania. Alifariki mwaka 1985, juzuu la tano likiwa limekwisha kukabidhiwa kwa wachapaji.

Katika watu wote waliofufuliwa na kadi zile, mimi nimependezwa zaidi na mwanamke mmoja aliyeishi Fustat mnamo mwaka 1100. Jina lake Karima binti Ammar, lakini mji mzima ulimwita Wuhsha dalali. Udalali ndiyo kazi aliyoifanya: alikuwa mtu wa kati katika biashara, akikopesha, akiweka rehani. Aliolewa, akapata binti, akaachika. Kisha akawa na bwana mmoja, Hassun, mtu wa Ascalon, mji wa pwani ya Palestina, akapata mimba bila ndoa inayotambuliwa na jamaa zake.

Mwingine angejificha. Wuhsha alikwenda kuomba ushauri, kisha akapanga mashahidi wawafume pamoja na yule bwana, ili asije mtu kesho akasema mtoto hana baba anayejulikana. Siku ya Yom Kippur, siku tukufu kuliko zote katika mwaka wa Kiyahudi, alikwenda kusali katika sinagogi ya Wayahudi wa Kiiraki, na kiongozi alipomwona akamtoa nje. Tunayajua haya kwa sababu baadaye watu walitoa ushahidi juu yake, na karatasi ya ushahidi ikaishia chumbani.

Wasia wake nao umo. Alitenga dinari 50 kwa ajili ya maziko, na hizo ni fedha nyingi. Inaonekana alitaka aondoke kwa heshima aliyonyimwa. Alitoa sadaka kwa makaburi. Alitoa fedha za mafuta ya taa kwa masinagogi manne ya mji, ikiwemo ile iliyomfukuza, ili watu wasome usiku. Kwa mwanawe aliagiza atafutiwe mwalimu amfundishe Torati na sala kwa kiasi kinachomfaa, na mwalimu huyo apewe blanketi na zulia la kulalia. Na yule bwana? Asipewe hata senti.

Nimeisoma habari hii mara nyingi na kila mara najiuliza ningeiweka kwenye fungu gani. Si hadithi ya mateso ya Wayahudi. Si hadithi ya ushindi pia. Ni mwanamke mwenye fedha zake, jamii inayomsengenya, na sinagogi iliyomfukuza ikiwasha taa kwa mafuta yake. Ukiniambia ilitokea mtaa wa Ngamiani au Kuze, nitakuuliza tu ni nyumba gani.

Lakini kilichonivuta kabisa ni bahari. Goitein alipokuwa akisoma kesi moja ya mwishoni mwa miaka ya 1090, ya mfanyabiashara Yosef Lebdi kutoka Tripoli ya Libya, alitambua kwamba mali inayogombaniwa ilikuwa ya biashara ya Bara Hindi. Kuanzia hapo akawa anakusanya kila karatasi inayotaja Aden na Malabar, pwani ya magharibi ya India. Bahari yenyewe ni hii yetu: kaskazi ni ile ile, kusi ni ile ile. Mwanajiografia al-Masudi, aliyefika pwani ya Zanji karne ya kumi, ameandika kwamba pembe za ndovu za huku zilikwenda Omani, kisha India na China. Barua za Fustat zinatazama zaidi mashariki kuliko kusini, kwetu ni kwa nadra. Ila anayejua bidhaa za jahazi hatajiona mgeni humo.

Chukua Abraham Ben Yiju. Kwao ni Mahdia, Tunisia. Alikwenda Aden, akashikwa mkono na Madmun bin Hasan, mkubwa wa wafanyabiashara wa bandari ile, kisha akavuka hadi Mangalore, akakaa India karibu miaka kumi na saba, kuanzia mnamo 1132 hadi 1149. Alikuwa na karakana ya vyombo vya shaba ya manjano. Marafiki wa Aden humtumia shaba kuukuu na sinia zilizopasuka wakimwelekeza wanavyotaka zifuliwe upya, huku wakiagiza chuma, pilipili manga, iliki na popoo. Kisha, kwa hisani, wanamfungia zawadi za nyumbani: sukari, zabibu, sabuni, mikeka ya Berbera. Na karatasi. Huko Malabar karatasi ilikuwa shida, kwa hiyo rafiki anayekujali anakutumia karatasi nzuri ya Misri. Ben Yiju hakuacha sehemu tupu. Nyuma ya barua alizopokea aliandika hesabu na mashairi yake.

Katika barua hizo meli zina majina. Moja ilizama karibu na Bab el-Mandeb. Anayeandika kutoka Aden hamalizi karatasi kwa kulia. Anatoa taarifa: pilipili yote imekwenda na maji; chuma, walipelekwa wazamiaji kutoka Aden wakaopoa karibu nusu; fungu lako ni hili. Wenye mali ni Wayahudi, manahodha wengi ni Waislamu, walioko upande wa pili ni Wahindu, na hesabu inakwenda kwa uaminifu, kwa sababu hakuna askari wala hakimu atakayekufuata mpaka Mangalore.

Hapa sitaki kupaka rangi. Tarehe 17 Oktoba 1132 Ben Yiju alimwandikia hati ya uhuru mjakazi wake aitwaye Ashu, mwanamke wa huko huko India, na inaonekana ndiye aliyemzalia watoto. Mjumbe wake wa biashara, Bama, naye alikuwa mtumwa, ingawa wenye maduka wa Aden walimtumia salamu za heshima. Ashu hakutumiwa salamu. Barua ndefu za Ben Yiju kwa ndugu zake hazimtaji. Sisi wa pwani tunajua vizuri jinsi mama wa nyumba anavyoweza kupotea katika nasaba namna hiyo, na si sifa kwa yeyote, awe Myahudi, Mwarabu au Mswahili.

Mwaka 1149 akarudi Aden na watoto na mali. Akapata habari kwamba Mahdia imetekwa na mfalme Roger wa Sicily na ndugu zake wametawanyika. Tarehe 11 Septemba akawaandikia: njooni, mali niliyo nayo inatutosha sote, na binti yangu nitamwoza mtoto wa ndugu yangu. Ndugu mmoja, Mubashshir, alikuja kweli. Akamla dinari elfu moja. Katika barua nyingine Ben Yiju anawafananisha watoto wake wawili na matawi ya mrehani, kisha anaeleza kwamba mkubwa amefariki Aden na amebaki na binti tu. Binti huyo, Sitt al-Dar, aliolewa Fustat mwaka 1156 na binamu yake Perahya. Ndiyo maana karatasi za Mangalore zikaokotwa Cairo: mzee alizibeba, akahamia nazo Fustat.

Na kuna barua ya Daudi. Musa bin Maimun, mwanafalsafa na tabibu aliyezaliwa Cordoba na kufia Fustat mwaka 1204, alitunzwa kwa biashara ya vito ya mdogo wake huyo. Daudi anamwandikia kutoka Aydhab, bandari ya Bahari ya Sham: alijitenga na msafara, akakatiza jangwa na mwenzake mmoja, akafika salama kwa bahati, hakukuta mali ya maana sokoni, sasa ameamua kupanda chombo kwenda India. Anamwomba kaka amtulize mkewe. Aliyeniokoa jangwani, asema, ataniokoa baharini. Hakurudi. Alizama na fedha zake, za kaka yake na za watu, na Musa mwenyewe ameandika kwamba alilala kitandani karibu mwaka mzima. Vitabu vya falsafa vinamtaja bin Maimun kama bahari ya akili. Mimi tangu nisome barua ile namwona kama kaka wa mtu.

Je, basi Baron alishinda? Si rahisi hivyo, na profesa hakutaka tuondoke tukidhani hivyo. Chumba kile kile kina barua za mwaka 1100, baada ya Wapiganaji wa Msalaba kuiteka Yerusalemu, zinazochangisha fedha za kuwakomboa mateka na vitabu. Bei ya mateka mmoja ilikuwa imezoeleka: dinari 33 na theluthi, watatu kwa mia. Mna barua za watu wanaojifungia ndani wakiogopa mtoza jizya, kodi ya wasio Waislamu. Babu zetu waliolala porini wakikimbia kodi ya kichwa ya mkoloni wangewaelewa. Goitein aliyaita maisha ya Wayahudi na Waarabu kuwa ni ya kuishi kwa kutegemeana na kuneemeshana, na wapo wanaosema alipendezesha mno. Nadhani wana hoja. Sheria iliwaweka chini ya Mwislamu, na hilo halikuwa siri kwa mtu. Ila wanaokuja na picha ya pili, kwamba palikuwa na uadui tu tangu siku ya kwanza, hao hawana pa kuiweka meli ile iliyozama Bab el-Mandeb.

Najua kutamka neno Myahudi siku hizi, tukiwa na picha za Gaza machoni, ni kujitafutia ugomvi mezani. Nimeshaulizwa kwa nini nahangaika na historia ya watu hawa. Jibu langu ni kwamba vita vya leo vina namna ya kula miaka yote iliyotangulia, ikaonekana kana kwamba kila mtu siku zote alikuwa anaelekea hapa. Madmun na jirani zake Waislamu wa Aden hawakuwa wanaelekea hapa. Walikuwa wanasubiri kaskazi.

Mimi nilipopata zamu ya kuuliza, niliuliza juu ya karatasi. Nilitaka kujua kama wanahistoria wamewahi kufikiri kwamba Fustat ni bahati ya pekee, au kila mji ulikuwa na chumba chake kikaungua. Alinijibu kwa mfano wa makhalifa wa Fatimia, waliotawala Misri wakati huo. Amri zao rasmi ziliandikwa kwa mistari mipana kwenye karatasi ndefu. Zilipokwisha kazi zikauzwa kama makaratasi, na waimbaji wa sinagogi wakazikata vipande, wakaandika mashairi ya ibada katikati ya mistari ya khalifa. Kwa hiyo sehemu ya kumbukumbu za dola ya Kiislamu imehifadhiwa na Wayahudi ambao hawakujua wala hawakujali. Vipande hivi sasa vimepigwa picha, na mtu yeyote mwenye intaneti anaweza kuvitazama bure, nusu ya barua ikiwa Cambridge na nusu nyingine ng'ambo.

Nikafikiria sisi. Barua za Kiswahili za zamani kabisa zilizobaki, zilizoandikwa kwa hati za Kiarabu kuanzia mwaka 1711, hazikutunzwa Kilwa wala Mombasa. Ziko Goa, kwa sababu Wareno walizipeleka na kuzifungia majalada. Mashairi tumeyatunza, na tunajisifu kwayo. Hesabu za duka hatujazitunza. Babu yangu Tanga alikuwa na madaftari ya mali kauli, kwa mwandiko wa Kiarabu, majina ya wadeni na kilo za sukari, mkokoteni mzima. Wajomba walipogawana nyumba, wakagombania kitanda cha Kihindi na saa ya ukutani. Madaftari yakapelekwa kwa muuza karanga.